Waliokisoma Kabla Yangu

Kuna msemo ambao kazi ya uandishi wa habari imenifanya niusikie mpaka nimeukinai: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kitabuni. Mgeni rasmi anausema kwenye uzinduzi wa kitabu, ukumbi unacheka, makofi yanapigwa, halafu tunakwenda kwenye sambusa na soda. Kesho yake habari inatoka gazetini, aya nane, na msemo umo ndani, maana hakuna mhariri anayekubali kuuacha.

Siku hizi nikiusikia nawaza jambo moja tu: huyu mheshimiwa hajawahi kuinama kwa muuza vitabu vya mitumba. Angeinama angeona ushahidi mwingi unaopinga maneno yake, umepangwa chini kwenye turubai, na unauzwa shilingi elfu mbili hadi elfu tano.

Nilianza kwenda kwa muuzaji wangu nikiwa mwaka wa pili pale Mlimani. Wakati huo alikuwa Posta, pembeni ya njia ya waenda kwa miguu, mgongo wake umeegemea ukuta wa jengo la watu. Nilikwenda kutafuta kitabu cha kozi kwa bei ya mwanafunzi. Nikarudi hosteli na riwaya tatu, bila kitabu cha kozi na bila nauli ya kesho. Mimi namwita Mjomba, yeye ananiita Mwandishi, na ameniita hivyo tangu kabla sijaandika chochote cha maana. Zaidi ya hapo hatujuani sana. Lakini nikipotea wiki tatu ananiuliza kama nilikuwa naumwa.

Nairobi wana jina zuri kuliko letu. Nilipotumwa huko kikazi, wenzangu wa chumba cha habari waliniambia, twende inama. Nikadhani ni mgahawa. Kumbe ndivyo wanavyowaita wauza vitabu waliotandaza bidhaa zao chini kwenye nailoni: kama unataka kuona, inama. Nimelipenda jina hilo kwa sababu linasema kazi yote. Duka la vitabu vipya linakupangia kila kitu usawa wa macho, hadithi huku, dini kule, biashara mlangoni. Kwa Mjomba hakuna mpangilio. Kitabu cha uhasibu kimelala juu ya Biblia, Biblia juu ya mwongozo wa kufuga kuku, na chini kabisa, jalada limetazama ardhi, kuna kitu ulichokuwa hujui kwamba unakitaka.

Hapo ndipo raha ilipo, na wengi wanaopenda kusoma lakini hawajawahi kuinama hudhani nawatania nikiwaambia. Intaneti inakupa unachokiuliza. Ukiandika jina la kitabu, kinakuja au hakiji. Turubai la Mjomba linakupa ambacho usingeweza kukiuliza, kwa sababu hukujua kama kipo. Kuna siku niliinua rundo la vitabu vya kompyuta vya miaka ya tisini, vile vinene visivyomfaa tena mtu yeyote, nikakuta chini yake *Juliasi Kaizari*. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo ya Shakespeare na ikachapwa mwaka 1963, akiwa tayari ni rais, halafu akakaa akairekebisha tafsiri yake mwenyewe na toleo jipya likatoka 1969. Nilikuwa nalifahamu jambo hilo tangu chuo. Lakini kulifahamu ni kitu kimoja, na kushika mkononi kijitabu chembamba chenye harufu ya kabati la mtu ni kitu kingine. Moyo ulikuwa unadunda. Nikakiweka chini taratibu, nikachukua kitabu cha kuku, nikauliza bei ya kuku kwanza.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: usioneshe furaha. Mjomba hakuandika bei popote. Bei anaisoma usoni kwako.

Kanuni ya pili nilijifunza kwake mwenyewe: anza nyuma. Kitabu cha mitumba hufa kuanzia mwishoni. Jalada la mbele linaweza kuwa zima kabisa na kurasa kumi za mwisho hazipo, na kama ni riwaya ya upelelezi basi umenunua mauaji bila muuaji. Kanuni ya tatu: fungua kila kitabu kilichovalishwa gazeti au kalenda ya zamani. Wanafunzi wa zamani walivalisha vitabu vyao nguo, wengine kwa uzi na gundi ya unga wa ngano, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui kilichomo ndani. Ya nne: nusa. Ukungu unaambukiza, na joto la Dar pamoja na unyevu wa bahari vinatosha kuangamiza kabati zima kwa masika mawili.

Vitabu hivi vinatoka wapi? Nimemwuliza Mjomba mara nyingi, naye hunijibu kwa awamu. Vingine vinatoka kwenye makontena ya Ulaya na Marekani, na hivyo utavitambua kwa mihuri ya maktaba za miji ambayo hutafika. Vingine huletwa na wanafunzi waliomaliza mtihani, ambao wanataka nauli ya kurudi kwao. Kuna wastaafu wanaohama nyumba za kazi na hawawezi kubeba kila kitu. Na kuna wanaoletwa na msiba. Arobaini ikipita, watoto wanagawana nyumba, viti, redio, cherehani. Vitabu havigombaniwi. Kijana anatumwa kumtafuta mtu wa kuviondoa, na mtu huyo akiwa Mjomba ni bahati, kwa sababu angeweza kuwa mtu wa karanga.

Mtu wa karanga ndiye mshindani wake mkubwa. Karatasi ni karatasi. Kurasa za riwaya zinafungia karanga, vitumbua, kashata, na zinanunuliwa kwa kilo. Mimi mwenyewe nimewahi kula maandazi huku nasoma mazungumzo ya watu wawili kwenye karatasi yenye mafuta, yakakatika pale msichana anapotaka kujibu. Nikarudi kwa mama wa maandazi kuomba ukurasa unaofuata. Alinitazama vizuri, akaniuliza, "Dada, uko sawa?"

Sasa nirudi kwenye ushahidi niliouahidi.

Ushahidi wa kwanza ni nakala yangu ya *Rosa Mistika*. Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, taasisi iliyoanzishwa 1948 kuhudumia nchi zetu tatu na iliyokufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977. Ilipotoka iliwashtua watu hadi ikazuiwa shuleni, na baadaye ikaja kusomwa hukohuko shuleni. Nakala yangu haina jalada la mbele. Badala yake ina majina manne, yamepangana kwenye ukurasa wa kwanza kama orodha ya waliokodi chumba kimoja.

Jina la kwanza ni la kiume, wino wa bluu, hati ya kulala. La pili ni la msichana, ameongeza kidato chake na jina la bweni. La tatu limefutwa kwa wembe lakini kalamu ilikandamiza, kwa hiyo ukigeuza kwenye mwanga unalisoma. La nne ni sahihi tu, ya mtu mzima mwenye haraka.

Kwenye pambizo kuna ugomvi. Pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, mwenye wino wa bluu amepigia mstari na kuandika pembeni kwamba malezi ndivyo yalivyo. Chini yake, kwa penseli, yule msichana wa bweni amemjibu: malezi gani haya, na alama tatu za mshangao. Kurasa hamsini mbele, Rosa ameshaharibikiwa, mwenye wino wa bluu kaandika kwamba ameyataka mwenyewe. Penseli imemrudisha nyuma, imemtajia namba ya ukurasa wa kile kipigo. Kasome tena. Mwenye sahihi hakuandika neno lolote, ila amekunja kona ya ukurasa huohuo uliotajwa. Inaelekea alikwenda kusoma tena.

Nimesoma tahakiki kadhaa za *Rosa Mistika* na nimemsikiliza mhadhiri akiichambua kwa saa mbili. Sijapata mahali palipokwenda kwenye moyo wa kitabu haraka kama penseli ile. Na hawa watu pengine hawakuonana. Inawezekana kijana wa wino wa bluu alikiuza kitabu miaka kabla msichana hajajua kusoma. Alimjibu mtu asiyemjua, akijua kwamba hatamsikia, kwa sababu hakuweza kunyamaza. Ni mtu wa namna gani anayemficha mwenzake kitu mahali pa wazi namna hiyo?

Ushahidi wa pili unaushika kwa vidole. Chukua riwaya za upelelezi, zile za miaka ya sabini na themanini: Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na kabla yao Bwana Msa na kiko chake, aliyebuniwa na Mohamed Said Abdulla kwenye *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichoshinda shindano la uandishi kabla hakijachapwa 1960. Ukizikuta kwa Mjomba, haziko katika hali ya kawaida. Zimeshonwa. Kuna nakala ya Musiba niliyonunua kwake, imetobolewa matundu matano ubavuni na kupitishwa uzi mweusi wa fundi viatu, kisha jalada limetengenezwa upya kwa boksi la sabuni. Nyuma kuna tarehe zimeandikwa kwa safu mbili, alichukua, alirudisha, na fedha pembeni. Mtu alikuwa anakikodisha. Nilihesabu mistari thelathini na moja kabla safu haijafika mahali karatasi ilipochanika.

Thelathini na moja! Kwa nakala moja, mtaa mmoja, na fundi viatu akahitajika. Hakuna anayemlipa fundi viatu kushona kitabu kisichosomwa.

Basi kwa nini tunaamini kwamba hatusomi? Nadhani ni kwa sababu tunahesabu vitabu vinavyonunuliwa madukani na hatuhesabu mikono. Sisi kitabu kimoja kimekuwa kikizunguka kama sufuria kubwa la shughuli, linaazimwa nyumba hadi nyumba na hakuna anayekumbuka lilinunuliwa na nani. Halafu ilikuja miaka ambayo fedha za kigeni hazikuwepo, karatasi haikuwepo, wachapishaji walisinzia au wakafa, na vitabu vilivyokuwa vikizunguka vikaendelea kuzunguka mpaka vikaanza kushonwa. Anayetazama rafu tupu anaona watu wasiosoma. Anayetazama uzi anaona watu waliokosa nakala ya pili.

Ushahidi wa tatu ulikuwa karibu unipite.

Ilikuwa siku ya mvua, Mjomba ameshafunika nusu ya mali yake kwa nailoni. Nikaona kijitabu chembamba, kimebandikana na kingine cha kilimo cha pamba. *Mtu ni Afya*. Kwa asiyejua: mwaka 1973 nchi nzima iliwekwa darasani kwa kampeni ya afya yenye jina hilo. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu kwa pamoja, wakajadiliana, halafu wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Inakadiriwa washiriki walifika kama milioni mbili. Ilikuwa sehemu ya jambo kubwa zaidi. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma na kuandika. 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na katikati ya miaka ya themanini takwimu za serikali zilikuwa zinasema karibu tisa kati ya kumi wanajua. Wataalamu wanaweza kubishana kuhusu kiasi walichojua. Mimi nilikuwa na mtu wa kumwuliza.

Bibi yangu, mzaa mama, anaishi Muheza. Alijifunza kusoma akiwa na watoto wawili, jioni, chini ya mwembe, kwa mwalimu ambaye mwenyewe alikuwa amemaliza darasa la saba tu. Hilo tulilijua wote nyumbani kama unavyojua kwamba fulani aliwahi kuumwa surua. Hakuna aliyelifanya habari. Mimi mwenyewe, mwandishi wa habari, sikuwa nimewahi kumhoji.

Nikampelekea kijitabu. Nilidhani atafurahi, na nilikuwa nimeandaa simu nimpige picha akifurahi. Hakufurahi kwanza. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akakisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaniuliza, "Mwanangu, nani amekitupa hiki?"

Nikamwambia, hakikutupwa, bibi. Kilikuwa kinauzwa.

"Shilingi ngapi?"

Nikamwambia elfu moja. Akatikisa kichwa, sikuelewa kama ni kwa sababu ni nyingi au kidogo. Kisha akaanza kukifungua, na nikaona kwamba hafungui ovyo. Alikuwa anatafuta. Alipofika alipopataka, akaweka kidole, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, si kwa sababu hajui bali kwa sababu ya macho. Alipomaliza sentensi akafunga kitabu akaendelea bila kutazama, mistari mitatu mbele, neno kwa neno. Nilikifungua baadaye kuhakikisha. Alikosea neno moja.

Akanieleza kwamba kikundi chao kilikuwa na watu kumi na wanne na kitabu kimoja. Mwalimu alisoma, wakarudia. Halafu kitabu kililala kwa zamu, kila usiku nyumba moja. Usiku wa zamu yake alikuwa anawasha kibatari watoto wakishalala, na mume wake, babu yangu ambaye sikumkuta, akilalamika kuhusu mafuta ya taa. Alikuwa anasoma ukurasa mmoja tu, uleule, mpaka mafuta yanapokwisha, kwa sababu alijua zamu itakaporudi itakuwa wiki mbili baadaye. Ndiyo maana anaukumbuka.

"Kitabu kilikuja kuishaje?" nikamwuliza.

Akasema, kiliisha kama sabuni. Kwa kushikwa.

Sikupiga picha. Kijitabu kipo kwake mpaka leo, ndani ya mfuko pamoja na kadi ya kliniki na vyeti vya ubatizo vya watoto. Na kila ninapomsikia mgeni rasmi na msemo wake, namwona mwanamke wa miaka ishirini na tano anasoma ukurasa mmoja mpaka mafuta yanaisha. Huyo ndiye Mwafrika anayefichwa vitu kitabuni.

Najua kuna jambo ambalo msomaji makini ameshaanza kujiuliza, hasa kama naye anaandika: kwenye vitabu vya mitumba mwandishi anapata nini? Hapati kitu. Nisilipambe. Shilingi elfu tatu zangu zinaishia kwa Mjomba, na Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, hakupata hata senti kwa nakala yangu. Ndiyo maana nina utaratibu. Kitabu kinachopatikana kipya, nanunua kipya. Pale Samora bado kuna duka la TPH, lenye jina la Tanzania Publishing House, shirika lililoanzishwa 1966, na humo utakuta vitabu vya Mkuki na Nyota na vya wachapishaji wengine wa hapa. Nenda. Na kwa Mjomba tenganisha mambo mawili: kitabu kilichotumika, na kitabu kilichotolewa kopi na kubandikwa jalada la rangi, ambacho siku hizi nacho kinauzwa mezani hivyohivyo. Cha kwanza kiliwahi kumlipa mtu. Cha pili ni wizi, hata kikiwa na bei nzuri. Lakini vitabu vingi ninavyovitafuta havijachapwa tena kwa miongo kadhaa. Kwa hivyo, turubai ndiyo maktaba, na Mjomba ndiye mtunza maktaba, ingawa analipa kodi ya meza na hajawahi kualikwa kwenye uzinduzi wowote.

Oktoba 2021, wamachinga walipohamishwa kutoka pembezoni mwa barabara, nilikwenda Posta Jumamosi nikakuta ukuta mtupu. Umefagiliwa vizuri. Alama ya mgongo wa Mjomba ilikuwa bado ipo kwenye rangi. Simu yake haikupatikana. Nilizunguka Kariakoo wiki tatu nikiuliza wauza vitabu wengine, mpaka kijana mmoja wa madaftari akanionesha uchochoro kati ya duka la vyombo na fundi simu. Alikuwa pale, kwenye eneo la ukubwa wa kitanda. Tukasalimiana kama watu waliofiwa.

Mali yake ilikuwa imebaki chini ya nusu. Hakuwa na stoo, na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, akauza kwa kilo. Nilimwuliza ni vipi hivyo, akajaribu kukumbuka. Vya kiingereza vingi, akasema. Vya sheria. Halafu vile vyembamba vya zamani vya kiswahili, maana havina uzito, vijana walivichukua kama nyongeza.

Kama nyongeza. Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nawaza kuhusu pambizo. Riwaya yenyewe pengine ina nakala nyingine mahali fulani, chuoni, kwa mtu, nje ya nchi. Penseli ya yule msichana ina nakala moja tu duniani. Ikifungia karanga, imekwisha.

Siku hizi Mjomba ana mpwa wake anayepiga picha vitabu na kuviweka kwenye WhatsApp. Biashara imepona kidogo, na mimi nimenunua huko mara nyingi, nikiwa kazini, katikati ya mkutano na waandishi. Ni rahisi. Lakini picha inaonesha jalada, haioneshi majina. Mpwa ni kijana mwenye bidii, na kabla hajapiga picha huwa anasafisha kitabu. Juzi nimemkuta ana kifutio, anafuta penseli ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu wateja wanapenda kitabu kisafi. Nikamwomba, anko, viache vya kwangu vichafu. Akacheka. Mjomba hakucheka, alimwambia, "Huyu ananunua uchafu, mwekee pembeni." Tangu siku hiyo nina boksi langu pale uchochoroni, limeandikwa MWANDISHI kwa kalamu nene, na kila kitabu kilichoandikwaandikwa kinatupwa humo.

Katika boksi hilo nimekuta barua ya mapenzi isiyotumwa, risiti ya duka la ushirika, orodha ya michango ya harusi yenye majina arobaini na nane na waliotoa ni kumi na tisa, na toleo la 1981 la *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ambalo mwenyewe aliongezea maneno ya kwao pembezoni, na maana zake, kwa hati ndogo safi, kama mtu aliyekuwa na hakika kwamba wataalamu wamesahau na kwamba ipo siku watakuja kumwuliza.

Kwenye *Rosa Mistika* nimeandika jina langu, la tano, na mwaka. Kwenye ule ukurasa uliokunjwa kona, chini ya penseli, nimeandika maneno mawili ya kumuunga mkono. Nimetumia penseli pia.

Kuna kimoja bado nakitafuta: *Mwana wa Yungi Hulewa* ya Mohamed Said Abdulla, ya 1976. Ukikiona mahali, hata kikiwa bila jalada, hata kikiwa kimeshonwa, nishikie. Na kama kina maandishi ya watu ndani, tafadhali usifute.